Faili la Watoto

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi walinipa saa ya ukutani na daftari jipya. Saa sikuielewa, maana mtu aliyestaafu anahesabu saa za nini? Daftari nililielewa. Walisema, "Fundi Desi, tuandikie yale uliyokuwa ukituambia, usiende nayo kaburini." Haya, naandika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na nani alininyima posho, aulize kwingine. Mimi nitaandika kazi, na kazi moja nitaiandika kwa kirefu kwa sababu niliiharibu.

Nilianza mwaka 1978, nikiwa na miaka ishirini, katika karakana ya hospitali ya misheni hukuhuku Karagwe. Karakana ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia, kina meza, jiliwa moja la kubania vyuma, lenye kutu, na Mzee Projesti. Huyu ndiye aliyetunza jenereta, taa za chumba cha upasuaji na redio ya upepo, ile ya kuzungumza na zahanati za mbali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akanipa brashi ya rangi na kuniamuru nifute vumbi kwenye kila kitu bila kugusa nati hata moja. Nilifuta siku tatu. Siku ya nne akaniuliza ni waya gani wa jenereta uliochubuka. Sikujua. Akanirudishia brashi, nikafuta siku tatu nyingine.

Mwisho wa mwaka huo vita vikaja. Sitasimulia vita, wapo waliopigana. Kwangu mimi vita vilikuwa dizeli. Malori ya dizeli yaliacha kuja, na Mzee Projesti akaanza kukata umeme: wodi, jiko, nyumba za masista, mpaka kanisani. Alibakiza chumba cha upasuaji peke yake. Walimtukana kwa Kiswahili, kwa Kinyambo na kwa lugha za Ulaya. Akaniambia, "Desideri, kila mahali pa kazi pana kitu kimoja kisichotakiwa kuzimika. Kijue hicho kwanza. Vingine vikizima, watu watanung'unika, basi." Niliitikia kwa kichwa nikidhani nimeelewa.

Alinifundisha pia mwendo wa kutafuta ubovu, na ndio huo niliowafundisha ninyi. Kwanza umeme upo? Pili waya mzima? Tatu nani aligusa mara ya mwisho, na aligusa nini? Mashine yenyewe iwe ya nne. Zahanati moja upande wa Kyerwa ilinyamaza redioni wiki mbili. Nilikwenda kwa baiskeli, siku nzima ya milima, na begi la vipuri mgongoni. Redio ilikuwa nzima, betri nzima. Nilipotoka nje nikakuta waya wa antena umegeuzwa kamba ya kuanikia nguo, na shuka za wodi zimeanikwa juu yake zikichuruzika maji. Muuguzi aliniambia, "Kumbe waya huu una kazi nyingine?" Nilicheka njia nzima ya kurudi. Nilipofika hospitali nikaambiwa kuwa katika wiki zile mbili mama mmoja wa kijiji kile alifia njiani kwenye machela, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuita gari. Tangu siku ile kila nilipofunga antena nilifunga na kamba ya nguo pembeni, kwa waya wangu mwenyewe.

Miaka ya themanini nilijifunza kulehemu kwa chuma kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa, na kuandika kila nilichobadilisha. Jifunzeni hilo. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja mashine ikapona, hujui umeponya nini, na ikizidi kuugua hujui umeua nini. Mzee Projesti alikufa katika miaka hiyo. Alikuwa amezika wanawe wawili kwa ule ugonjwa uliokuwa ukifagia Kagera, na baada ya wa pili hakuongea sana. Nilirithi meza, jiliwa na brashi.

Kompyuta ya kwanza niliiona mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi moja pale Kayanga. Niliifungua ikiwa imezimwa, nikaitazama ndani siku mbili kama nilivyofundishwa, kisha nikakisoma kitabu chake chote kwa kamusi. Watu walidhani ni uchawi. Mimi niliona ni redio iliyosoma zaidi. Umeme, waya, mtu, mashine. Mpaka leo, mnapoitwa nyumbani kwa mtu kwamba intaneti imekufa, naona mnakimbilia kufungua mipangilio na nywila. Tazama kwanza kama kisanduku kinawaka taa. Vuta waya, urudishe. Uliza kama kuna aliyehamisha kabati. Na kompyuta ikijizima yenyewe, peleka mkono nyuma yake uguse joto kabla hujaanza kumlaumu aliyetengeneza programu.

Hilo la joto nililijua. Ndiyo maana linaniuma.

Mwaka 1994 watu walivuka mpaka kutoka Rwanda. Waliingia kwa maelfu, wakajaa kwenye nyasi zetu na mabonde yetu, na kambi zikawekwa. Shirika moja la misaada lilinichukua nitunze mashine za ofisi yake kambini. Kwenye ofisi hiyo palikuwa na chumba cha watoto waliopotezana na wazazi, na katika chumba hicho kompyuta moja, na mbele yake karani aitwaye Adventina, binti wa Bugene, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Watoto wengine walipelekwa kulelewa na familia za vijijini, Ndama, Igurwa na kwingineko, kwa sababu hema lililotengwa kwa ajili yao lilikuwa na kuhara na surua. Katekista au balozi wa nyumba kumi alikuja mlangoni akasema fulani amechukua mtoto fulani, na Adventina akaandika hapohapo kwenye mashine: jina la mtoto, alama ya mwilini, jina la mlezi, kijiji. Hapakuwa na karatasi ya hilo. Karatasi ilikuwa haba, na sisi tulikuwa na kompyuta. Tulijivuna.

Lile faili ndilo lililokuwa kitu kimoja kisichotakiwa kuzimika. Sikulijua hivyo wakati ule.

Sasa sikilizeni kosa langu. Sisi huku kitu cha thamani hufunikwa. Redio ya baba ina kitambaa, kiti cha mgeni kina kitambaa, hata birika la chai lina lake. Kambi ile ilikuwa na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Nilimwomba mke wangu, Leokadia, afume vitambaa viwili vizito vya uzi mweupe, kimoja cha kioo na kimoja cha sanduku la mashine, nikampa Adventina nikasema, "Ukifunga kazi, funika." Yeye alifunika kazi ikifungwa na ikifunguliwa. Malori ya chakula yalipita nje mchana kutwa, akaona heri afanye kazi huku mashine imevaa, kitambaa kimeshuka nyuma mpaka kwenye matundu ya feni, uso wa kioo tu ndio wazi. Niliingia siku moja nikaona hivyo. Nikasema, na ninakumbuka maneno yangu, "Vizuri sana, inapendeza." Nilipita nikaenda kwenye jenereta.

Wiki kadhaa baadaye, mchana, Adventina alikuja mbio. Mashine ilikuwa imeandika Kiingereza chake cha shida, inasema haiwezi kusoma diski, inauliza: niache, nijaribu tena, au nikubali nimeshindwa? Niliweka mkono juu ya sanduku. Lilikuwa la moto. Niliondoa kitambaa nikakitupa sakafuni, naye akakiokota na kukikunja.

Mashine ilipopoa iliwaka. Diski ilikuwa inakwaruza, lakini inasoma. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Nakala ya mwisho ya faili la watoto kwenye flopi, ile diski ndogo ya kuchomeka na kuchomoa, ilikuwa ya wiki sita nyuma. Nilikuwa na flopi mfukoni. Ningelitoa faili lile kwanza, kazi ya dakika chache, halafu diski ife kwa amani. Badala yake mkuu wa ofisi alisimama mlangoni akiuliza kama itapona, kwa kuwa alihitaji ripoti ya chakula, nami nikataka kumwonyesha kwamba itapona. Niliingiza programu ya kutengeneza diski, nikaiambia ipitie diski nzima, ipange upya palipoharibika. Ilianza kupita. Ilikwaruza saa nzima, ikapiga mlio kama mtu anayegonga bati kwa kijiko, ikanyamaza. Niliiwasha tena. Ikauliza niache, nijaribu tena, au nikubali nimeshindwa. Nilibonyeza ijaribu tena mpaka kidole kikaniuma. Haikurudi.

Okoa kwanza, tengeneza baadaye. Andikeni hilo ukutani kama hamtaandika lingine. Kitu kinachokufa usikifanyishe kazi, chukua kilichobeba.

Watoto arobaini na kitu walikuwa wamepelekwa vijijini katika wiki zile sita. Adventina alifunga macho akajaribu kuwakumbuka, akapata kama kumi na tano. Waliobaki hakuna aliyejua wako kwa nani. Nilimwambia mkuu wa ofisi kwamba diski imekufa. Sikumwambia habari ya kitambaa, wala ya flopi iliyokuwa mfukoni. Alisema, "Mashine ni mashine," nami nikanyamaza. Naona aibu kuandika hapa, lakini niliona nafuu.

Nafuu hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano alikuja mama mmoja kutoka kambi nyingine, jina lake Konsolata. Alikuwa amesikia kwamba binti yake, Umutesi, wa miaka minane, ameonekana katika kambi yetu. Adventina alimkumbuka mtoto, alimkumbuka hadi gauni lake, ila mlezi hakumkumbuka. Mama alieleza kwa utulivu, kwa Kiswahili cha kuokoteza: mtoto ana kovu la moto mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, refu, uji ulimmwagikia. Kisha akageukia ile mashine iliyokufa, akaniuliza, "Yuko humo ndani?"

Nikasema, "Alikuwamo."

"Na sasa?"

"Sasa imeharibika, mama. Mimi nitamtafuta kwa miguu."

Akasema, "Twende wote."

Nilimwambia haiwezekani, mkimbizi haingii vijijini bila kibali, na kibali kinachukua wiki. Huo ulikuwa ukweli. Ni kweli pia kwamba sikutaka kutembea na macho yake njia nzima.

Ofisi ilinipa pikipiki na daftari. Tuligawana vijiji na Adventina. Mimi nilikwenda kijiji kwa kijiji nikiongozana na balozi, nikiuliza kila nyumba swali moja na kuweka alama: yupo, hayupo. Nilitafuta watoto kama nilivyotafuta waya uliokatika, toka nguzo hadi nguzo. Igurwa nilifika kwa Mzee Kaitani, mfugaji, mtu wa kanisa, ambaye baba yake alihamia kutoka Rwanda zamani sana. Uani palikuwa na watoto wengi. Tuliamkiana, nikakaribishwa kukaa, tukaulizana habari za mvua na za ng'ombe. Kisha nikauliza swali langu. "Mzee, katika watoto hawa, yupo yeyote asiye wenu?"

Mzee Kaitani aliwatazama watoto pale uani. Akasema taratibu, kwa neno letu la heshima, "Waitu fundi, watoto wa nyumba hii hawahesabiwi wala hawachambuliwi. Wote ni wangu."

Balozi aliinamisha kichwa. Mimi ni mzaliwa wa huku. Mama yangu alitupiga kofi tulipowahesabu ndugu zetu kwa kidole. Nilijua kwamba hakuna mzazi wa huku atakayesimama mbele ya mgeni na kusema, huyu ni wangu na huyu si wangu, mtoto mwenyewe akisikia. Nilijua, lakini nilikuwa na daftari na nyumba kumi na mbili mbele yangu kabla ya mvua. Nilimshukuru, nikaandika: Kaitani, hayupo.

Adventina alirudi na watoto wengi kuliko mimi, nikamwuliza anawapataje. Alinicheka, mara ya kwanza tangu diski ife. "Wewe unauliza wanaume, tena kwa daftari. Mimi nakaa na akina mama tukichambua maharage. Sisemi mtoto ni wa nani. Nauliza tu, huyu analala vizuri? Basi mama mwenye nyumba anasema, haa, huyu anamlilia mama yake. Ndiyo nishajua." Kwa njia hiyo aliwapata karibu wote. Nyumba zenye alama yangu hakuzirudia, maana ziliandikwa hayupo, naye aliamini maandishi yangu. Mimi nilikuwa fundi.

Konsolata alipata kibali chake baada ya wiki nyingi, akaja ofisini tena na tena. Alikaa kwenye benchi nje, hakupiga kelele, hakumlaumu mtu. Nilimsomea daftari langu kijiji kwa kijiji, na niliposoma Igurwa nikasoma hayupo kama kwingine. Kibali alikuwa nacho, angeweza kwenda mwenyewe. Alisema, "Kama umefika, umefika." Kambi zilipofungwa waliondoka wote pamoja, kwa miguu na kwa malori, na sijui aliishia upande gani. Barua tulizoandika kumwulizia hazikujibiwa.

Nilirudi kwenye karakana ya hospitali. Nilimweleza Leokadia habari ya vitambaa, akavifumua vyote viwili na uzi akautupa chooni, nami sikumzuia.

Miaka kama minne baadaye, asubuhi ya siku ya gulio, msichana aliingia karakanani na redio ndogo ya betri iliyofungwa kwa kamba. Aliamkia vizuri, akasema ametumwa na baba yake, redio hailii. Aliponyoosha mkono kuiweka mezani niliona kovu, mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, refu.

Nikamwuliza, "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Yustina."

"Baba yako?"

"Mzee Kaitani wa Igurwa."

Nikamwuliza kama aliwahi kuitwa jina jingine. Alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema, "Umutesi."

Nilimwambia yote. Sikuficha kitambaa, wala flopi, wala daftari. Nilimwambia mama yake alikuja, kwamba alikuwa hai na mzima, kwamba alikaa kwenye benchi letu miezi na miezi, na kwamba ameondoka na sijui yuko wapi. Nilimwambia nilifika mpaka kwao kumtafuta na nikajibiwa kwamba watoto wote ni wa nyumba ile. Nadhani nilitaka asikie kwamba nilifika.

Alinisikiliza amesimama. Hakulia. Akasema, "Nakukumbuka. Ulikuja na pikipiki. Mimi ndiye niliyekuletea maziwa, ukasema asante mwanangu."

Sikumkumbuka. Nilijaribu, pale pale, mbele yake, na sikumkumbuka.

"Nilikuwa nalijua jina langu," akasema. "Na la mama, na la kijiji chetu. Nilikuwa na miaka minane. Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Nilifungua redio yake kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Waya wa betri ulikuwa umechomoka, kazi ya dakika mbili. Nilipourudisha, redio ikalia. Aliifunga tena kwa kamba, akaaga kwa heshima kama alivyolelewa, akaondoka. Niliandika barua nyingine, na nyingine, nikitaja Igurwa na Mzee Kaitani waziwazi, nikazituma kila ofisi niliyoijua ya kutafuta watu. Redio ya Mzee Kaitani iliharibika mara nyingi baada ya hapo, na kila mara aliileta mtu mwingine.